Mrejesho: Mpenzi yuko mbali, chuoni sina rafiki

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama nimwache mpenzi wangu wa tangu sekondari, maana kila jioni nilijifungia chumbani kuongea naye kwenye simu, na darasani simjui mtu.

Sikumwacha. Tulikubaliana tupigiane mara tatu kwa wiki, jioni nyingine niende kwenye kikundi cha kujisomea. Mwanzoni alinuna kweli kweli, nami kule kikundini nilikaa kimya kama mgeni msibani. Kumbe kilichonitesa si umbali. Ni kwamba mtu mmoja tu ndiye aliyejua siku yangu imeendaje. Sasa nikikwama kwenye hesabu nina watu wawili wa kuwagongea mlango. Aliyenishauri nimpigie na mama, asante sana. Mpenzi bado ana wivu kidogo, tunaendelea kuongea.