Naandika riwaya ya mapenzi na paka wangu anaumwa figo, naombeni ushauri

Kurasa_Zangu

Wapenzi wa vitabu, habari zenu. Huwa nasoma nyuzi zenu za mapendekezo bila kuchangia, leo nina langu. Linagusa kusoma, kuandika na mnyama mgonjwa kwa pamoja, ndiyo maana nimelileta hapa na si kwenye jukwaa la mifugo. Samahani kwa urefu.

Naandika riwaya za mapenzi. Ninayoiandika sasa inatoka sura kwa sura kila wiki, na wasomaji wameishika kwelikweli. Sura ikichelewa tu naulizwa Rehema kamjibu nini Yusufu. Imebaki theluthi ya mwisho, pale ambapo kila nilichokitega huko nyuma kinapaswa kufyatuka.

Nakshi, paka wangu wa kike, ana miaka 14. Alianza kunywa maji kupita kawaida, mchanga wake wa choo ukawa unalowa chapachapa, akakonda hadi ukipitisha mkono mgongoni unahisi pingili moja moja. Vipimo vimeonyesha ugonjwa sugu wa figo. Kreatinini, ile taka ya damu ambayo figo hutakiwa kuitoa, ni 3.4, daktari akasema yuko hatua ya 3 kati ya 4. Tumepewa chakula maalumu cha figo. Anakinusa, anakwangua sakafu kando yake kana kwamba anafukia choo, anaondoka. Pia natakiwa nimwekee maji ya dripu chini ya ngozi kwa sindano, nyumbani, kwa mikono yangu. Nimeonyeshwa, nikaona kila hatua, lakini nikibaki peke yangu na ile sindano mikono inatetemeka.

Upande wa kusoma, Nakshi hulala kifuani pangu nikisoma, kitabu kinaegemea mgongo wake. Siku hizi siwezi kusoma kitabu nisichojua mwisho wake. Nachukua kipya, nikihisi tu kuna mtu ataugua, nakifunga. Narudia vya zamani ambavyo nimevisoma hadi navijua kwa moyo.

Kwenye kuandika ndiko pagumu zaidi. Riwaya ya mapenzi ina ahadi moja, kwamba hawa wawili watakuwa pamoja na msomaji atafunga kitabu roho imetulia. Nimeipenda ahadi hiyo tangu nilipoanza kusoma. Sasa nikimwandika Yusufu akimwambia Rehema "sitakuacha", namtazama Nakshi na sentensi inanifia mkononi. Naona kama nawadanganya watu.

Naomba msaada kwa yeyote aliyewahi kuuguza paka wa figo, hasa kuhusu chakula na sindano. Na kwa waandishi: mnaandikaje mapenzi yenye mwisho mwema mkiwa na jambo nyumbani ambalo mwisho wake mnaujua?

---

Mlezi_wa_Paka

Pole sana dada. Nimeuguza wawili wa figo, nianze na chakula maana ndicho cha haraka.

Usimlazimishe chakula kipya wakati ana kichefuchefu. Paka akila kitu akiwa anajisikia vibaya, anakihusisha na ule ugonjwa, na hata akipata nafuu hatakigusa tena. Muulize kwanza daktari kuhusu dawa ya kichefuchefu na ya hamu ya kula, zipo zote mbili. Akishatulia, changanya kijiko kidogo cha chakula cha figo kwenye kile anachokipenda, uongeze polepole kwa wiki kadhaa. Pasha moto kidogo kiwe vuguvugu, harufu itoke. Dawa usizifiche humo, atakikataa chote.

La muhimu kuliko yote: bora ale chakula chake cha zamani kuliko asile kabisa. Paka akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwili huanza kujazana kwenye ini na anaweza kufa kwa hilo kabla figo hazijamwangusha. Akigoma chakula cha figo moja kwa moja, kuna dawa za kufunga madini ya fosforasi yasiingie mwilini, ambazo huchanganywa kwenye chakula cha kawaida. Fosforasi ndiyo adui mkubwa hapo, kwa sababu figo zilizochoka hazimudu kuitoa.

Chakula chenye majimaji ni bora kuliko kikavu. Na mwekee bakuli kadhaa za maji sehemu tofauti. Asinyimwe maji hata kama anakojoa sana. Anakunywa kwa sababu figo haziwezi tena kuukoleza mkojo, maji yanapita tu.

---

Sindano_Siogopi

Kuhusu sindano. Mfuko wa maji utumbukize kwenye maji ya moto kiasi, halafu jaribu tone moja kwenye kiganja kwa ndani. Yakiwa na joto la mwili paka wengi hawashtuki. Maji baridi ndiyo yanayowafanya wakimbie. Ning'iniza mfuko juu, kadiri ulivyo juu ndivyo yanavyoshuka haraka. Sindano mpya kila mara, iliyokwisha kutumika inakuwa butu na inauma.

Vuta ngozi ya katikati ya mabega ipande kama hema, ingiza chini ya hema sambamba na mgongo, usielekeze chini. Ukihisi manyoya yamelowa ujue imetokea upande wa pili. Atabaki na uvimbe laini ambao wakati mwingine unateremka hadi kwenye mguu wa mbele. Usiogope, yananyonywa baada ya saa chache.

Kiasi ni kile alichoandika daktari, usiongeze kwa huruma. Paka akiwa na moyo dhaifu maji mengi yanaweza kumjaa kifuani. Mhesabie pumzi akiwa amelala fofofo. Zikizidi 30 kwa dakika, simamisha maji umpigie daktari.

Mikono itaacha kutetemeka. Mimi huwa nasoma kwa sauti nikimwekea, sauti ikitulia na mkono unatulia. Wewe una vitabu tele, jaribu.

---

Tomito

Pole. Akionekana ana maumivu mpe robo ya panado, ya kwetu ilisaidia mbwa.

---

Mlezi_wa_Paka

@Tomito HAPANA. Naomba kila anayepita hapa asome hili. Paracetamol, ndiyo hiyo panado, ni sumu kwa paka, hata kipande kidogo. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja, damu inashindwa kubeba oksijeni, fizi zinageuka rangi ya kahawia, na anakufa. Usimpe paka dawa yoyote ya binadamu bila daktari. Na ukiwa na maua ya lily (yungiyungi) ndani ya nyumba yatoe leo leo, hata ungaunga wake akiulamba kwenye manyoya unaua figo.

---

Tomito

Sikujua. Asante kwa kunisahihisha, asifuate niliyoandika.

---

Mzee_wa_Maktaba

Mwanangu, mambo ya sindano wenzangu wameyamaliza. Mimi nije kwenye swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokukosesha usingizi.

Samuel Johnson, yule aliyetunga kamusi mashuhuri ya Kiingereza ya 1755, alikuwa na paka akiitwa Hodge. Boswell, aliyeandika maisha yake, anasimulia kwamba Johnson alikuwa akitoka mwenyewe kwenda kumnunulia Hodge chaza. Watumishi walikuwepo. Aliogopa kwamba akiwatuma wao, ile kero ingewafanya wamchukie paka. Leo pale London kuna sanamu ya Hodge amekaa juu ya kamusi, na maganda ya chaza mbele yake.

Angalia hapo. Hakuna aliyesema "nakupenda". Kuna mtu mzito, mwenye jina, anayetoka nyumbani kwa sababu amewaza mbele ni nani atachoka, na uchovu ule utamwangukia nani. Upendo wote umo kwenye ile tahadhari. Sasa mrudie Yusufu wako. "Sitakuacha" inakufia mkononi kwa sababu ni ahadi ya mdomoni, na wewe kwa sasa unaishi na upendo wa mikononi. Mnyang'anye Yusufu maneno. Mpe kazi. Rehema akiugua, au mama yake Rehema, Yusufu awe ndiye anayekumbuka kupasha maji joto bila kuambiwa. Hapo hutakuwa umemdanganya mtu.

---

Sura_ya_Mwisho

Naungana na mzee, niongeze kidogo kama mwandishi wa fani hiyo hiyo.

Ahadi ya riwaya ya mapenzi ni nyembamba kuliko unavyoibeba. Inasema wawili hawa watachaguana na wataendelea kuchaguana. Haisemi hakuna atakayekufa katika kitabu. Riwaya zetu zimejaa wajane, mayatima, watu waliozika. Msomaji anavumilia msiba wowote ule mradi wapenzi wasitenganishwe ukurasa wa mwisho. Kwa hiyo huna uongo wa kutubia. Rehema na Yusufu wanaweza kujua vizuri kabisa kwamba kila kiumbe kina siku yake, na bado wakaamua. Kwa maoni yangu uamuzi huo una nguvu zaidi wakiwa wanajua.

Mimi ningemwingiza Nakshi ndani ya riwaya. Mpe Rehema paka mgonjwa, Yusufu ashike mfuko wa maji.

---

Msomaji_Mkali

@Sura_ya_Mwisho hapo tunatofautiana. Nasoma riwaya za mapenzi kuliko kitu kingine chochote, na jambo linalonikera ni mnyama anayeletwa sura ya 20 ili afe sura ya 22 wapenzi wapate sababu ya kukumbatiana. Msomaji anaona kamba anazovuta mwandishi. Kama paka hakuwepo tangu mwanzo, asije mwishoni kufanya kazi ya machozi.

Halafu kuna dada mwenyewe. Riwaya yake inatoka kila wiki. Akimwingiza paka, kila wiki wasomaji watamuuliza "paka vipi?" na nyumbani atakuwa ndiyo kwanza ametoka kumpima uzito. Ataweza kweli?

---

Sura_ya_Mwisho

@Msomaji_Mkali hoja ya pili nakubali, sikuiona. Ya kwanza bado nabishana. Paka si lazima afe. Anaweza kuwa mzee, mgonjwa, na yuko hai ukurasa wa mwisho, anatunzwa na watu wawili badala ya mmoja. Huo ni mwisho mwema na si wa uongo. Lakini akiandika, aandike kwenye daftari lake kwanza, asitoe mpaka awe tayari.

---

Kurasa_Zangu

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Ahsanteni.

Nimempigia daktari, amempa Nakshi dawa ya kichefuchefu. Leo amelamba chakula cha figo kilichochanganywa, kidogo sana, ila hakukikwangulia sakafu. Sindano nimemwekea nikisoma kwa sauti kama alivyosema @Sindano_Siogopi. Aligeuza sikio moja upande wangu na lingine upande wa mfuko, akatulia hadi maji yakaisha.

@Mzee_wa_Maktaba, ile ya watumishi imeniingia sana. Nimefuta ukurasa mzima wa Yusufu akiapa. Badala yake anafika kwa Rehema, anakuta taa ya ngazini imeungua, anabadilisha globu bila kubisha hodi kwanza kwa kuwa anajua mama yake Rehema hushuka usiku. Rehema anaona mwanga chini ya mlango. Nimeiandika kwa mkupuo mmoja.

@Msomaji_Mkali uko sahihi kwamba sitaweza kuulizwa kila wiki. Nakshi abaki daftarini. Wasomaji nimewaandikia ukweli kwamba nauguza nyumbani, sura zitatoka kila baada ya wiki mbili. Niliogopa watakasirika, na wengi wamejibu kwa pole.

Swali moja lililobaki. Nitajuaje mambo yakibadilika? Naogopa kutoona.

---

Mlezi_wa_Paka

Mpime uzito mara moja kwa wiki, mizani ile ile, uandike. Jicho linalomwona kila siku halioni kukonda, namba inaona. Mwangalie kama bado anajilamba manyoya. Akiacha kabisa, kuna jambo. Shingo ikilegea akawa anainamisha kichwa, inaweza kuwa madini ya potasiamu yameshuka kwenye damu, na hilo mara nyingi hutibika. Mboni zikipanuka akawa anagonga vitu, ni presha imepanda na imeathiri macho. Hiyo ni dharura, usisubiri kesho. Omba apimwe presha kwenye marudio, wenye figo wengi wanayo na dawa ipo. Fizi zikipauka waambie waangalie damu.

Na dada, hatua ya 3 haimaanishi wiki ijayo. Wapo wanaoishi nayo miaka wakitunzwa. Wa kwanza wangu alikuwa hapo hapo na alinimalizia sofa jipya kwa kucha.

---

Mzee_wa_Maktaba

Na kuhusu vitabu vipya, usijilazimishe. Kurudia cha zamani ni kusoma pia. Sasa hivi unavisoma ukiwa na macho ya kazi, utaona mwandishi aliupanga vipi mwisho tangu sura ya pili. Ukikipata kimoja kinachokufundisha hilo, tuandikie humu tukisome pamoja nawe.

---

Kurasa_Zangu

Nitafanya hivyo, mzee wangu. Kuna kimoja nimeanza kukirudia jana, na tayari nimeweka alama kurasa tatu. Marudio ya Nakshi ni Alhamisi, nitaomba apimwe presha.