Jitsi Meet kwenye seva yetu: wawili wanaonana, akiingia wa tatu picha na sauti vinapotea

Mjikasorobahari aliuliza:

Habari za kazi, wanajukwaa. Mimi ni fundi wa mifumo katika chuo kidogo cha ualimu mkoani Morogoro. Kwa muda mrefu wakufunzi wetu wamekuwa wakifanya vikao kupitia huduma ya bure ambayo hukata mawasiliano muda wake ukifika, hata kama mwenyekiti hajamaliza kusema. Uongozi uliniagiza nitafute programu ambayo tutaiweka kwenye seva yetu wenyewe. Nilichagua Jitsi Meet kwa sababu ni ya bure, na mshiriki hahitaji kufungua akaunti wala kusakinisha chochote kwenye kompyuta: anabofya kiungo, kivinjari kinamwomba ruhusa ya kamera na maikrofoni, anaingia.

Seva yenyewe ni kompyuta ya mezani yenye RAM ya gigabaiti 8 na Ubuntu 22.04. Iko nyuma ya ruta ya ofisi na anwani yake ya ndani ni 192.168.1.10. Jina la kikoa chetu linaelekeza kwenye anwani ya nje ya ruta, na kwa walio ofisini nimeliweka kwenye DNS ya ndani (orodha inayogeuza majina kuwa anwani) ili liwapeleke moja kwa moja kwenye seva. Nimeelekeza poti (milango ya mawasiliano) 80, 443 na 10000 kutoka kwenye ruta kwenda kwenye seva, na cheti cha usalama cha tovuti kutoka Let's Encrypt kilitolewa bila tatizo.

Nilifanya jaribio na mkuu wa taaluma, yeye akiwa nyumbani kwake Kihonda akitumia data ya simu, mimi nikiwa ofisini. Tulionana na kusikilizana kwa nusu saa nzima bila kukwama, nami nikatoa taarifa kwamba mfumo uko tayari. Jumatatu kikao cha kwanza kikaitishwa. Alipoingia mtu wa tatu, nyuso zote zikageuka kuwa miduara yenye herufi za majina na sauti ikakatika, ingawa ujumbe wa maandishi uliendelea kupita. Mmoja akitoka, tuliobaki wawili tunaonana tena. Jambo linalonichanganya zaidi ni kwamba walioko ofisini peke yao, hata wakiwa watano, hawapati shida yoyote. Nimeshasakinisha upya mara mbili na hali ni ileile. Naomba mwongozo, maana kikao kijacho ni Alhamisi.

MzeeWaSeva alijibu:

Pole sana, ndugu. Usisakinishe upya mara ya tatu, kwa sababu usakinishaji wako hauna kasoro. Jaribio lako ndilo lililokudanganya, na limewadanganya wengi kabla yako, mimi nikiwemo.

Washiriki wakiwa wawili tu, Jitsi hujaribu kuwaunganisha moja kwa moja, kivinjari kwa kivinjari, na picha na sauti havipiti kwenye seva kabisa. Kwa nusu ile ya saa uliyozungumza na mkuu wa taaluma, seva ilikuwa imewatambulisha ninyi kwa ninyi na kukaa pembeni. Anapoingia wa tatu, mtindo huo unaachwa, na kila mmoja anaanza kupeleka picha yake kwenye sehemu ya seva inayoitwa Jitsi Videobridge, ambayo kazi yake ni kupokea mkondo wa kila mshiriki na kuugawa kwa wengine. Sehemu hiyo hupokea picha na sauti kwa UDP (njia ya kutuma data bila kusubiri uthibitisho kwamba imefika) kwenye poti 10000. Ujumbe wa maandishi hupita njia nyingine, yaani kwenye poti 443 pamoja na ukurasa wenyewe, na ndiyo maana uliendelea kufika. Kwa hiyo dalili zako zote zinaelekeza mahali pamoja: watu wa nje hawaifikii Videobridge.

Sababu za kawaida ni mbili, na mara nyingi huja pamoja. Ya kwanza ni ruta. Umeandika kwamba umeelekeza poti 10000, lakini hukusema ni kwa TCP (njia inayosubiri uthibitisho huo) au kwa UDP. Ruta nyingi za ofisi huweka TCP usipochagua mwenyewe, na kwa kazi hii TCP haisaidii kitu. Kagua pia ngome (firewall) ya Ubuntu, kama umeiwasha. Sababu ya pili ni kwamba Videobridge inajua anwani yake ya ndani tu, kwa hiyo inawaambia washiriki wote, hata aliye Kihonda, wapeleke picha kwa 192.168.1.10. Kwa walio ofisini anwani hiyo ni sahihi, ndiyo maana watano wanaonana. Kwa aliye nje haielekei popote.

Tiba yake ni kuitajia Videobridge anwani zote mbili. Katika matoleo ya karibuni faili ni /etc/jitsi/videobridge/jvb.conf, na sehemu inayohusika ni hii:

ice4j { harvest { mapping { static-mappings = [ { local-address = "192.168.1.10", public-address = "ANWANI-YAKO-YA-NJE" } ] } } }

Mafundisho ya zamani utakayokutana nayo yanataja faili la sip-communicator.properties na mistari ya NAT_HARVESTER. Lengo ni lilelile, ila usiandike kwenye mafaili yote mawili, utajichanganya siku ya kurekebisha.

Ukimaliza, anzisha upya huduma ya jitsi-videobridge2, kisha endesha kwenye seva, wakati mtu wa nje yumo kikaoni, amri hii inayoonyesha pakiti (vipande vya data) zinazopita: tcpdump -ni any udp port 10000. Usipoona pakiti kutoka kwenye anwani yake, tatizo bado lipo kati ya ruta na seva, au yeye bado anaambiwa anwani ya ndani. Huna haja ya kuwasumbua watu watatu kila unapojaribu. Ongeza #config.p2p.enabled=false mwishoni mwa kiungo cha chumba, nanyi mtapitishwa kwenye Videobridge hata mkiwa wawili.

Kwa kuwa Let's Encrypt waliweza kuifikia seva yako kutoka nje na kukupa cheti, anwani yako ni ya umma kweli. Hapo umewazidi wengi, kwa sababu kampuni nyingi za mtandao humweka mteja nyuma ya anwani moja inayotumiwa na mamia ya watu, na kwa hali hiyo hakuna poti utakayoelekeza ikafanya kazi. Jambo la kuiuliza kampuni yako ni kama anwani hiyo ni ya kudumu, maana ikibadilika, faili hilo litakuwa linasema uongo.

Mjikasorobahari:

Asante sana, mzee wangu. Ruta ilikuwa imewekwa TCP, kama ulivyohisi. Nilibadilisha kuwa UDP nikaendesha tcpdump, na bado kukawa kimya kabisa. Nilipofungua chrome://webrtc-internals (ukurasa wa Chrome wa kuchunguza mawasiliano ya video) kwenye kompyuta ya mkufunzi aliye nje, niliona kwamba anwani aliyopewa na seva ni 192.168.1.10 peke yake. Baada ya kuandika static-mappings na kuanzisha upya huduma, pakiti zilianza kumiminika na tukaonana watatu, kisha wanne. Anwani yetu ni ya kudumu, nimethibitisha.

Hata hivyo, leo jioni tulijaribu tukiwa kumi na wawili, watano ofisini na saba nje, wote kamera zikiwa wazi. Walioko ofisini waliona vizuri. Walioko nje walilalamika kwamba picha zinaganda na sauti inakatika kama ya redio yenye betri hafifu. Mzigo wa prosesa ulikuwa chini ya nusu. Je, niongeze RAM? Intaneti yetu ni megabiti 40 kwa sekunde za kupakua na 10 za kupakia.

Mwanapwani_Msa alijibu:

Salamu kutoka Mombasa. RAM haitakusaidia, ndugu yangu. Chukua kalamu tupige hesabu.

Videobridge haichanganyi picha za watu kuwa picha moja. Inapokea mkondo wa kila mmoja na kumpelekea kila mwingine nakala, ndiyo maana prosesa yako imetulia wakati njia ya intaneti inalia. Katika kikao cha watu 12, kila mmoja anapokea mikondo 11. Walioko ofisini wanapokea kupitia waya wa ndani, kwa hiyo hawakugharimu chochote cha nje. Saba walioko nje wanapokea kupitia megabiti zako 10 za kupakia, siyo zile 40. Kila mkondo ukiwa katika ubora wa chini kabisa, kiasi cha kilobiti 200 kwa sekunde, unapata 7 mara 11 mara 0.2, yaani megabiti 15.4. Umeshazidi kabla mtu yeyote hajakuzwa kwenye kioo. Tangazo la kampuni ya mtandao huandika kasi ya kupakua kwa herufi kubwa, na mwenye seva anaishi kwa ile ya kupakia.

Fungua faili la usanidi lililo chini ya /etc/jitsi/meet, ambalo jina lake linaanza na kikoa chako na kuishia na -config.js. Weka channelLastN: 4, ili kila mshiriki apelekewe video za watu wanne tu, wale waliozungumza karibuni. Sauti za wote zitaendelea kusikika. Weka pia resolution: 360 na uhakikishe constraints (mipaka ya ukubwa wa picha) zinakubaliana nayo. Kwa mpango huo, mzungumzaji mmoja akionekana kwa kilobiti 500 na watatu kwa kilobiti 200 kila mmoja, saba walioko nje watatumia megabiti 7.7. Sauti huongeza kidogo juu ya hapo, kwa hiyo zuia watu wengine wasitumie intaneti hiyohiyo kupakia mafaili wakati wa kikao. Weka vilevile startVideoMuted: 5, ili kuanzia mtu wa sita kuingia, kamera iwe imezimwa mpaka aifungue mwenyewe. Tunza nakala ya faili hilo, kwani siku ya kusasisha utaulizwa kama ubaki na lako au uchukue jipya, na watu hubofya bila kusoma.

Kwa maoni yangu, mkikua kupita watu ishirini, iacheni kompyuta ya ofisini ifanye kazi nyingine, nanyi mkodi seva yenye njia pana. Itaweza kuwa mbali, pengine Ulaya, na mtauhisi ucheleweshaji kidogo. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, katika pendekezo lake la G.114, linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja kwa mazungumzo ya kawaida. Pima kwa ping (amri ya kupima muda wa majibu ya seva) kabla ya kulipa, ukikumbuka kwamba ping inahesabu kwenda na kurudi.

DadaWaLinux alijibu:

Naomba niulize jambo ambalo halijaguswa: ni nani anayeweza kufungua chumba kwenye seva hiyo? Ukiiacha ilivyokuja, mtu yeyote duniani anayejua kikoa chenu anaandika jina lolote mbele yake na kuanzisha kikao, na megabiti zenu 10 zinamhudumia yeye. Badili authentication (uthibitisho wa watumiaji) ya kikoa chako kwenye Prosody, sehemu ya Jitsi inayoshughulikia ujumbe na akaunti, iwe internal_hashed, ongeza VirtualHost (kikoa cha ndani) ya wageni yenye authentication ya anonymous, itaje hiyo ya wageni kama anonymousdomain kwenye config.js, kisha washa uthibitisho kwenye jicofo.conf, faili la sehemu inayosimamia vikao. Wenyeji wasajili kwa prosodyctl register. Baada ya hapo mwenye akaunti ndiye anayefungua chumba, na wageni wanasubiri mlangoni mpaka aingie.

Jingine: kama lengo ni kufundisha na siyo vikao tu, mngeiangalia BigBlueButton, iliyoanzishwa mwaka 2007 katika Chuo Kikuu cha Carleton huko Ottawa kwa ajili ya darasa hasa. Ina ubao wa kuandikia na vyumba vya makundi, na amri yake ya bbb-conf --check inakagua usanidi na kukueleza kasoro kwa sentensi zinazoeleweka, kitu ninachokitamani kwenye Jitsi.

MzeeWaSeva:

Dada yuko sahihi kuhusu ulinzi. Kuhusu BigBlueButton, naiheshimu, lakini waandishi wake wenyewe wanataka RAM ya gigabaiti 16, prosesa yenye viini (core) 8 na njia ya megabiti 250 kwenda na kurudi, pamoja na poti za UDP kuanzia 16384 hadi 32768. Kwenye mashine na intaneti aliyonayo mwenzetu, hiyo ni ng'ombe kwenye banda la kuku.

Mjikasorobahari:

Nashukuru wote. Nimeweka channelLastN 4 na ubora wa 360, na leo mchana tulirudia jaribio tukiwa kumi na wawili walewale. Ruta ilionyesha tunapakia kati ya megabiti 7 na 8, na sauti haikukatika. Wawili walinung'unika kwamba hawaoni nyuso za wote. Niliwaeleza hesabu ya Mwanapwani wakanyamaza. Akaunti za wenyeji nimezisajili tatu kwa kuanzia.

Mkufunzi mmoja tu alishindwa, akiwa kwenye mtandao wa hoteli ambao nadhani unazuia UDP yote. Nimeona kwamba coturn, programu inayopitisha picha na sauti kwa njia mbadala pale UDP inapozuiwa, ilisakinishwa pamoja na Jitsi, ila sikuwa nimeelekeza poti 5349 ya TCP kwenye ruta. Nimeielekeza sasa hivi. Kesho asubuhi atajaribu tena kutoka hapohapo, nami nitarudi kuandika matokeo.