Utando wa polipiroli unachoka haraka: nanotyubu za kaboni zitasaidia?

kipandechembamba
Wakuu, nina vipande vya polipiroli (polima inayopitisha umeme, huvimba na kusinyaa volti ikibadilika) juu ya plastiki iliyopakwa dhahabu, 30 kwa 5 mm, ndani ya maji yenye NaDBS (aina ya sabuni yenye sodiamu). Mwanzoni vinapinda vizuri. Ikifika mizunguko 500 hivi ncha haitikisiki, ilhali karibu na klipu ya umeme bado panapinda. Nimetia nanotyubu za kaboni (mirija midogo mno) zenye kuta nyingi, zilizopachikwa vikundi vya asidi vya kaboksili, kwenye maji ya kuoteshea utando, pamoja na NaCl kidogo ili umeme upite. Kesho yake weusi wote umetuama chini. Nakosea wapi?

ioni_hasi
Toa hiyo chumvi mkuu. Nanotyubu zako zinaelea kwa kuwa zina chaji hasi na zinasukumana. Sodiamu ya NaCl inaifunika chaji hiyo, zinakaribiana, zinashikana. Asidi nayo huleta balaa hilo hilo. NaDBS peke yake inapitisha umeme wa kutosha.

Kwa 100 ml za maji: NaDBS gramu 3.5 (0.1 M, yaani mole 0.1 kwa lita) na nanotyubu miligramu 50. Vaa barakoa wakati wa kupima, unga huo haufai kuvutwa puani. Weka chombo kwenye barafu, piga kwa ncha ya ultrasoniki sekunde 2, pumzisha 2, jumla nusu saa. Ukipitiliza, nyuzi zinakatika na kuwa fupi mno, hazina tena cha kuunganisha. Zungusha kwenye sentrifuji kwa 3,000 g (mara 3,000 ya nguvu ya mvutano) dakika 20, chukua ya juu tu. Mwisho kabisa ndiyo piroli (kimiminika kinachoungana kuwa polipiroli), 0.7 ml. Ikiwa na rangi ya chai, ipitishe kwanza kwenye alumina (unga wa kuchujia uchafu). Otesha kwa 0.2 mA kwa sentimita mraba. Ukiharakisha, utando unaota vinundu.

mkunjo
Nakubali mapishi, ila pima ugonjwa kwanza. Chukua kipande kilichochoka, kikate nusu, ushike klipu kwenye ile nusu ya ncha. Ikipinda tena, tatizo ni ukinzani: dhahabu imepasuka kwa kukunjwa, na polipiroli ikiwa upande wa volti hasi hupitisha umeme vibaya, kwa hiyo volti haifiki mbali. Hapo nanotyubu ni dawa, zinavuka nyufa. Isipopinda, utando umebanduka au umeungua kwa oksijeni. Cheza kati ya −0.9 na +0.4 V dhidi ya Ag/AgCl (elektrodi ya fedha ya kulinganishia volti). Ukikaribia +0.8 unavunja mnyororo wa polima, na hakuna kaboni itakayoufufua.

Usishawishike kuongeza dozi. Utando unakuwa mgumu, unasukuma kwa nguvu zaidi lakini unapinda kidogo.

kipandechembamba
Nusu ya ncha imepinda! Je, oksidi ya grafini (vibati vyembamba vya kaboni vyenye oksijeni) badala ya nanotyubu?

ioni_hasi
Kwa shida yako, hapana. Ikiwa bado na oksijeni yake inapitisha umeme kwa shida sana, na vibati vyake hulala bapa, Na⁺ inalazimika kuzunguka kila kimoja ndipo iingie. Mwendo unakuwa wa kobe. Ukwaruze kidogo uso wa dhahabu kabla ya kuotesha, utando ushike.