Naomba ushauri: chakula na mazoezi ya baba, miaka 71

Wakuu, habari zenu. Baba amehama Marangu, sasa tunaishi naye Dar es Salaam. Kule alizoea kiburu (ndizi zilizopikwa na maharage), mtori na mboga za majani, na shamba la migomba halikumpa nafasi ya kukaa. Hapa ni mkate mweupe, chipsi, soseji na televisheni. Miguu imelegea; akiinuka kwenye kochi lazima ajishike.

Nimeogopa zaidi kusoma utafiti wa Kilimanjaro uliotoka 2025 katika jarida la Nature Medicine. Wanaume waliozoea chakula cha asili walipewa cha kizungu kwa wiki 2 tu, vipimo vya damu vikaonyesha uvimbe wa ndani (inflammation, yaani mwili kuwa kama unapigana na ugonjwa) umepanda na kinga imepungua nguvu. Na hao walikuwa vijana wazima!

Chakula nitakirudisha, ndizi na maharage vipo sokoni. Shida ni misuli. Wataalamu wanashauri aliyevuka miaka 65 apate protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Baba ana kilo 60, na dagaa hataki kabisa. Ninyi mnawafikishaje wazee wenu hapo?

Halafu mazoezi. Boston, mwaka 1990, wazee wa miaka 90 walinyanyua vyuma wiki 8 na nguvu za miguu zikazidi maradufu. Ila baba anatumia dawa za presha. Aanze kwa kuinuka na kukaa kwenye kiti, au daktari amwone kwanza?