"Mwambie mjombako"! Nimetolewa mgahawani mbele ya watu kwa sababu ya mbwa anayeniongoza

Makorora_Kwetu:

Wakuu, nimeingia nyumbani sasa hivi, koti sijavua, mikono inatetemeka. Herufi zikigongana mniwie radhi.

Wa huku Midlands, Uingereza, wote mnaujua ule mgahawa wetu, ule wa biriani ya Ijumaa. Sitaji jina. Mwenyewe mnamjua, yule mwenye sauti ya kuita jahazi lirudi bandarini. Leo nimekwenda na mpwa wangu, binti wa miaka 9. Kafanya vizuri shuleni, nikamuahidi kuku wa kupaka. Mbele yangu Molly, mbwa wangu wa kuongoza, na mkanda wake wa kazi wenye mpini. Tumepokelewa na kijana, tumepewa meza, Molly kajilaza chini ya meza kama mkeka. Mbwa huyu analala kimya treni nzima mpaka London. Mle ndani kulikuwa na watoto wanabweka kuliko yeye.

Kisha akaja bwana mkubwa. Nilimjua kwa kandambili zake. Akasimama mezani kwetu, hakunisalimu, akamwinamia mtoto: "Mwambie mjombako amtoe mbwa akamfunge kule kwenye mapipa, halafu wewe umshike mkono umrudishe ndani."

MWAMBIE MJOMBAKO! Na mimi nimekaa papo hapo, ningenyoosha mkono ningemshika kifungo cha shati! Macho yangu ndiyo yaliyokufa, masikio ninayo mawili, yote mazima!

Nikamwambia, "Bwana, mjomba mwenyewe ni mimi. Sema na mimi." Mnajua alifanya nini? Akamgeukia mtoto tena: "Mwambie mjombako wateja wangu wanaswali."

Mgahawa wote kimya. Nilisikia kijiko kikianguka jikoni. Watu kama 30 mle ndani, watu wa kwetu, wengine wanamjua mama yangu mpaka jina la utani, hakuna aliyefungua mdomo. Mmoja tu alikohoa, na kikohozi kile nakifahamu. Mtoto akaanza kulia. Tukaondoka, kuku hajafika hata mezani.

Sasa msije na habari za najisi. Chuoni Tanga nimechapwa bakora nikisomeshwa milango ya tohara. Nilipopofuka kwa presha ya macho, miaka miwili nzima nilikataa mbwa, nikawa nagonga nguzo za taa za mji huu mpaka nguzo zikanizoea. Shehe mwenyewe ndiye aliyenisukuma nikaombe. Nikatoa peni 50, ndiyo bei yake kwa kipofu, nikapewa macho. Nguo za kuswalia naziweka kando, na chumba ninachoswalia Molly hakanyagi. Na hapo Leicester, mwaka 2008, msikiti ulimkubalia kijana kipofu aje na mbwa wake, wakamtengea mbwa pahala pa kupumzika pale kwenye kuingilia, mwenyewe akaenda kusali. Msikiti, jamani! Huyu anauza maharage ya nazi tu, anajifanya ana mihrabu jikoni.

Sheria ya Usawa ya 2010 iko wazi, mteja mwenye mbwa wa kuongoza hafukuzwi. Nchi hii mbwa hawa wapo tangu 1931, babu yake hata hajaijua meli ya kuja huku inapandiwa gati gani.

Basi kuhusu mbwa tungezungumza. Angenivuta pembeni, "ndugu yangu, nina wateja wenye wasiwasi, hebu kaa meza ile ya kona", ningekaa. Lakini "mwambie mjombako"! Imenikaa kooni kama mwiba wa changu. Njia nzima mtoto ananiuliza, "Mjomba, kwani yule hajui kama unasikia?" Nijibu nini?

Kizimkazi_Asili: Pole sana kaka. Huyo mimi mwaka jana kanipakulia biriani, nyama moja, nayo mfupa uliovaa nguo. Nikalalamika, akaniambia "utamu uko kwenye wali".

Mtukutu_wa_Reading: Samahani mkuu, nauliza kwa nia njema. Kipofu umeandikaje uzi wote huu?

Makorora_Kwetu: Simu inanisomea kila herufi ninayogusa. Swali lako pia imenisomea, kwa sauti, mpwa wangu akiwa pembeni. Hongera sana. Wakuu, narudia, alikuwa umbali wa mkono. Umbali wa MKONO. Na bado akampitishia mtoto maneno kama mtu anayeongea na mgeni wa Kichina.

Ustadh_Mkweli: Pole kwa maudhi, lakini tuwe waadilifu. Sisi wa madhehebu ya Shafi mbwa ni najisi nzito, chombo alichokilamba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mwenye mgahawa ana haki ya kuchunga dini ya wateja wake.

Bi_Kiroboto: Ustadh, mbwa yuko chini ya meza, chombo gani atakilamba? Na kavu kwa kavu najisi haihami, ukurasa huo uliuruka? Wamaliki ndiyo kabisa, kwao mbwa aliye hai tohara. Na hata kama hukumu ingekuwa yako wewe, ni kitabu gani kimekufundisha kusema na mtu mzima kupitia mtoto?

Ustadh_Mkweli: Bi mdogo, Wamaliki hawauzi biriani hapa.

Dereva_wa_Usiku: Mimi naendesha teksi mwaka wa kumi na moja. Kwetu sisi hakuna mjadala. Mbwa wa kuongoza unampakia, na nauli huongezi hata peni. Ukimkataa, na huna cheti cha msamaha wa kiafya, ni mahakamani, faini mpaka pauni 1,000. Na mimi mbwa nawaogopa, nilitafunwa paja Magomeni nikiwa darasa la tatu, lakini hawa wanalala miguuni pa mwenyewe hata husikii pumzi. Wanaonitoa roho ni walevi wa Jumamosi. Juzi mmoja katapika kwenye kiti kipya, halafu ananiuliza harufu hii ya nini.

Kizimkazi_Asili: Hahaha. Ulimtoza?

Dereva_wa_Usiku: Nimtoze nini, alikuwa keshalala. Nimeosha gari mpaka adhana ya alfajiri.

Magurudumu_Mbagala: Nyie wenzetu mna sheria, mna mbwa, mna mpaka cheti cha msamaha. Mimi huku Dar niko kwenye kiti cha magurudumu. Daladala inasimama, konda ananitazama, anatazama kiti, anagonga bati: "Twende!" Siku akiwa na huruma anakunja kiti, ananitoza nauli ya watu wawili, halafu anapiga kelele ndani, "Sogeeni, kuna mzigo unapanda!" Mzigo wenyewe ni mimi, na shati la kazini nimepiga pasi.

Bi_Kiroboto: Yarabi. Na mabasi ya mwendokasi?

Magurudumu_Mbagala: Kituoni naingia vizuri tu, sakafu ya kituo na ya basi ziko sawa. Shida ni watu. Saa kumi na mbili asubuhi mlango ukifunguka, kiti changu kinapanda peke yake na mimi nabaki chini.

Makorora_Kwetu: Ndugu yangu wa Mbagala, pole, na nasema kutoka moyoni. Hilo la "mzigo" na langu la "mwambie mjombako" ni mama mmoja baba mmoja. Watu hawa wanatutazama wanaona kitu, wanatafuta mwenye kitu waongee naye.

Boma_Road_Moro: Mnashangaa mbwa? Huku Morogoro, pale SUA, chuo kikuu cha kilimo, panya buku wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja alifundishwa huku, akaenda kazini Kambodia, mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu kutoka huko huko kwenu Uingereza. Mwambieni huyo bwana ashukuru kaletewa mbwa.

Mtukutu_wa_Reading: Ukiingia na panya mgahawani wakaguzi wa afya wanafunga siku hiyo hiyo.

Kizimkazi_Asili: Kwake panya wapo siku nyingi. Nishani tu ndiyo hawajapata.

Dereva_wa_Usiku: 😂😂😂 Uzi ufungwe.

Makorora_Kwetu: Wakuu, usifungwe. Turudi kwenye mada. Mtoto kalala bila kula, kakataa hata mkate. Nauliza moja tu: aliyekohoa leo yuko humu, na anajua kwamba najua. Ungesema neno moja, "ongea naye mwenyewe", ingekupunguzia nini?

Mgeni_2291: Mkuu, yalikuwa mafua tu.

Bi_Kiroboto: Mafua!

Ustadh_Mkweli: Tuwe na husnu dhana. Majira haya mafua ni mengi.

Mgeni_2291: Halafu kuku wa kupaka mwenyewe leo alikuwa na chumvi, hukukosa kitu.

Kizimkazi_Asili: Siku hizi nazi yake ya kopo, ndiyo maana. Zamani alikuwa anakuna mwenyewe.

Boma_Road_Moro: Nazi ya kopo kwenye kuku wa kupaka? Na mnalipa?

Makorora_Kwetu: Umbali wa mkono, jamani.

Dereva_wa_Usiku: Tukiwa hapo hapo kwenye nazi, kuna anayejua papa mkavu anapatikana wapi huku Midlands? Mke wangu mjamzito, tangu juzi hataki kingine.

Bi_Kiroboto: Hongera! Mwezi wa ngapi? Nina papa wa Mtwara kwenye friza, njoo kesho baada ya Adhuhuri, lakini uje na mfuko wako, anatoa harufu.