Tupeane uzoefu: siku uliyojua kwamba mwenye dhambi ni wewe, si jirani

Mwana wa Uyole
Wakuu, Bwana Yesu asifiwe. Kwa ndugu zangu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo.

Jumapili hii somo lilikuwa Luka 18, Farisayo na mtoza ushuru. Nimelisikia tangu shule ya Jumapili na siku zote nilijua mimi ni yupi kati ya wale wawili. Safari hii limenigeukia.

Mdogo wangu ni mlevi. Julai mwaka juzi alikuja kugonga mlango saa saba usiku. Anayekaa Uyole anaijua Julai, maji ya kwenye ndoo asubuhi yanauma vidole. Nilimsikia. Mke wangu alinigusa begani, nikamwambia mwache, atajifunza. Alilala kwenye banda la kuku la jirani, akapata kichomi, akalazwa siku tisa. Na kila Jumatano kwenye ibada ya mtaa nilikuwa namwombea kwa jina lake, kwa sauti kubwa, mpaka akina mama wanatoa machozi.

Mchungaji aliposoma "Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine", nikasikia sauti yangu ya Jumatano. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Na nyie je? Ilikuwaje siku yenu? Na mlifanya nini baadaye?

Binti Mlandege
Kaka, umenikumbusha Tosamaganga. Mimi ni mtu wa Iringa, na kwaresima moja nilipanda kule kwenda kuungama, nimejiandaa kweli, nimeandika kwenye karatasi. Nikapiga magoti, nikaanza. Mama mkwe ananisema kwa majirani, na mimi nimekasirika. Wifi amechukua kitenge changu, na mimi nimemnunia. Mume wangu hanipi hela ya matumizi, na mimi nimemjibu vibaya.

Padre alikuwa mzee sana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema taratibu, "Mwanangu, dhambi za mama mkwe wako nimezisikia, za wifi yako nimezisikia, za mume wako pia. Hao wakija wenyewe tutaongea nao. Wewe umekuja na zipi?"

Nilikaa kimya. Karatasi nzima, mstari kwa mstari, sikuwa na dhambi hata moja isiyoanzishwa na mtu mwingine. Nikaanza kulia, nikasema, "Baba, sizijui." Akaniambia hapo ndipo pa kuanzia, akanipa Zaburi ya 51 niisome polepole siku saba. "Maana nimejua mimi makosa yangu, na dhambi yangu i mbele yangu daima." Siku ya nne ndiyo nilianza kuziona.

Makambako Kwetu
Umenigusa dada. Kamwene.

Shujaa wa Imani
Dada yangu, pole, lakini kwa nini uende kwa mtu mwenye dhambi kama wewe? Mpatanishi ni mmoja tu. Ingia chumbani, funga mlango, malizana na Mungu.

Binti Mlandege
Chumbani nilikuwa naingia kila siku, kaka. Huko chumbani hakuna aliyewahi kuniuliza za kwangu ni zipi. Na Yohana 20:23, pale Yesu anapowaambia wanafunzi kwamba watakaowaondolea dhambi wameondolewa, unaijua vizuri kuliko mimi.

Shujaa wa Imani
Naijua. Waliambiwa mitume.

Mama Tukuyu
Na Yakobo 5:16 nayo waliambiwa mitume? "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi." Wanangu msigombane, mada ni nzuri, mtaifanya ifungwe.

Fundi Mbao Mafinga
Mimi yangu ni fupi. Nilichangia mifuko ishirini ya saruji ujenzi wa kanisa, jina langu likasomwa. Mwezi huohuo binti yangu niliyezaa nje alirudishwa nyumbani kwa sababu ya michango ya shule. Mama yake alinipigia mara sita, sikupokea. Nilikuwa kwenye kikao cha ujenzi.

Shujaa wa Imani
Hiyo siyo dhambi ya zamani, hiyo ni ya leo. Umemlipia?

Fundi Mbao Mafinga
Nimemlipia. Ila hapokei simu zangu sasa. Zamu yake.

Mtu wa Isongole
Wakuu shikamooni kwa wanaostahili. Nimesoma tangu jana sikutaka kuandika. Niacheni niitoe yote.

Mimi ni mzee wa kanisa, miaka kumi na moja. Kazi yangu ni dalali wa viazi, huku kwetu Uporoto, barabara ya kwenda Tukuyu. Mliowahi kupita mmeona magunia yamesimama kando ya lami, juu yamevimba. Ile ndiyo lumbesa. Kwa asiyejua: gunia likishajaa unashonea juu kipande cha gunia lingine, unapandisha viazi, unakaza kwa kamba. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100. Mkulima analipwa bei ya gunia moja, wewe unaondoka na gunia na nusu. Gunia la kawaida huku ni debe sita. Mimi nilikuwa napakia tisa. Kila mtu anafanya, na sikuwahi kuiita wizi. Tuliita biashara, na mkulima akilalamika tunamwambia basi viazi vyako viozee shambani.

Sasa Machi mwaka huu baraza la wazee lilimwita kijana mmoja aliyeiba viazi shambani kwa mtu. Debe mbili. Alikuwa ameshikwa na kupigwa, jicho limefumba. Hoja ikawa tumzuie Meza ya Bwana kwa miezi mingapi. Mimi ndiye niliyesema kwa ukali kuliko wote. Nilisema arudishe kwanza, tena mbele ya watu, ndiyo tuzungumze habari ya kumpokea kundini. Wenzangu wakaniunga mkono. Kijana hakujitetea hata kidogo.

Nikarudi nyumbani usiku. Kufika nikapitia stoo kuhakikisha kufuli. Nikawasha tochi. Magunia ishirini na mbili yamesimama, kila moja na kichwa chake juu. Wakuu, sikusikia sauti yoyote ya mbinguni. Nilipiga hesabu tu, maana hesabu ndiyo kazi yangu. Debe tatu juu ya kila gunia. Sitini na sita. Kijana debe mbili. Na mbele ya kila Chakula cha Bwana mimi ndiye huongoza ungamo, "tumekosa kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo", miaka kumi na moja, bila kusimama kwenye neno hata moja. Nilikaa juu ya debe lililogeuzwa mpaka jogoo wakawika. Nathani alimwambia Daudi, "Wewe ndiwe mtu huyo." Mimi niliambiwa na viazi.

Sikuweza kuwalipa wote, wengine siwakumbuki. Nikaanza na mama mmoja mjane, jirani, ambaye nimenunua kwake kila msimu. Nikakokotoa: misimu mitatu, magunia kumi kila msimu, debe tisini. Kwa elfu tisa debe, laki nane na elfu kumi. Nikauza ng'ombe. Nikaenda asubuhi, nikapiga magoti pale jikoni kwake, nikasema mama, nimekuibia, hela yako hii.

Hakulia, hakunikumbatia. Alikausha mikono, akazihesabu zote, moja moja. Kisha akasema, "Mwanangu, ni misimu minne. Ule mwaka wa mvua nyingi umeuacha."

Hapo ndipo nilipoisha. Kwa sababu sikuwa nimeusahau. Usiku ule wa hesabu niliufikia ule mwaka nikajiambia bei ilikuwa mbaya, na mimi nilipata hasara, kwa hiyo hausimami. Nimekwenda kutubu lumbesa na toba yenyewe nimeikata debe thelathini. Nikiwa nimepiga magoti! Nilidhani nimetubu vizuri kiasi cha kustahili kusamehewa, kumbe hata machozi yangu yanahitaji kusamehewa.

Mpaka leo nashikilia Waefeso 2 tu, "mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu". Zamani niliusoma huo mstari kama wa watu wengine, wale waliokuwa wabaya sana.

Makambako Kwetu
Nimesoma mara mbili. Huyo mama ni jabali.

Msafiri wa Tunduma
Mkuu, alikusamehe?

Mtu wa Isongole
Alisema, "Nilishakusamehe zamani, ningekuwa nakubeba mpaka leo ningekuwa nimekufa. Ila hela ni hela." Nimempelekea iliyobaki, laki mbili na elfu sabini.

Shujaa wa Imani
Zakayo alisema atarudisha mara nne, mkuu. Luka 19:8. Wewe umerudisha mara moja.

Mchungaji Mstaafu Njombe
Kijana, Zakayo alisema hivyo Yesu akiwa ameshaingia nyumbani kwake. Hakulipa ndipo apokelewe. Alipokelewa, mikono ikafunguka. Ukiligeuza hilo unarudi kwenye kuuza msamaha, jambo ambalo Luther alilipinga mwaka 1517. Nimehudumu miaka thelathini na nne na nakwambia, watu wengi tuliowazuia Meza ya Bwana walirudi wameinamisha kichwa kwa aibu, si kwa kumjua Mungu. Hilo ni kosa letu wachungaji na linanisumbua.

Msafiri wa Tunduma
Basi tukisema neema, neema, kila dalali ataendelea kupakia tu, Jumapili anatubu. Mimi ni mtoto wa mkulima, nimesoma kwa shida sababu ya hao watu. Samahani Mtu wa Isongole, lakini nimesoma habari yako nikiwa na hasira.

Mtu wa Isongole
Una haki, mdogo wangu. Sina la kujibu.

Mama Tukuyu
Warumi 6 inamjibu: "Tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? Hasha!" Ila hasira yako nayo ilete hapa mwanangu, usiende nayo kulala.

Wazee wetu wa Kinyakyusa walijua jambo hili kabla wamisionari wa Kimoraviani hawajafika Rungwe mwaka 1891. Ndugu wakiwa na kinyongo na mtoto akaugua, walikaa pamoja, kila mtu akatoa lililo moyoni, akalisema lote, kisha akatema maji kuonyesha limetoka. Kinyongo kilichofichwa ndicho kilichoaminika kuua. Bibi yangu alikuwa Mmoraviani kamili na bado akitugombanisha mtu alikuwa anasema, lisemeni kwanza, ndipo tuombe.

Na sisi Wamoraviani tunaikumbuka tarehe 13 Agosti. Mwaka 1727 kule Herrnhut, Ujerumani, walikuwa wakimbizi wa imani wanaogombana vibaya, kila kundi linajiona ndilo lenye haki. Siku hiyo walishiriki Meza ya Bwana kila mmoja akiona kosa lake, wakatoka wamepatana. Miaka mitano baadaye wakaanza kutuma wamisionari. Mimi nikiwaza kwamba Injili ilitufikia huku kwenye migomba kutoka kwa watu waliokubali kwamba wamekosa, napata nguvu.

Fundi Mbao Mafinga
Mama, hiyo ya kutema maji sikuwahi kuisikia. Nimwambie binti yangu aniteme?

Mama Tukuyu
Mwandikie barua kwa mkono. Usiweke mistari ya Biblia humo, aone ni baba siyo mahubiri.

Shujaa wa Imani
Mimi naona aweke hata mmoja.

Makambako Kwetu
Mama Tukuyu yuko sahihi. Mimi baba yangu aliniandikia barua imejaa mistari, niliona anajificha nyuma yake.

Binti Mlandege
Mwana wa Uyole, wewe uliyeanzisha umetuacha. Mdogo wako yukoje?

Mwana wa Uyole
Nipo dada, nasoma tu, kifua kimejaa. Bado anakunywa. Jana jioni nilimfuata kilabuni, nikakaa naye na soda yangu. Nilitaka kumwambia habari ya ule usiku. Nikaanza, "Unakumbuka ile Julai…" akanikatisha, akasema, "Kaka, nilijua umeamka. Niliona taa." Kisha akazungumzia mpira. Nimeshindwa kuendelea. Naomba ushauri wenu.

Mchungaji Mstaafu Njombe
Rudi tena kesho. Na kesho kutwa. Sentensi yako ilikatizwa katikati, itakaa hapo mpaka uimalize.

Msafiri wa Tunduma
Usiende kilabuni, mkuu, watu watasema na wewe umeanza. Mwite nyumbani umpikie.

Shujaa wa Imani
Watu waseme. Bwana aliitwa rafiki wa watoza ushuru. (Hapa nakubaliana na mchungaji.)

Makambako Kwetu
Mtu wa Isongole, swali moja limenikaa. Yule kijana wa debe mbili iliishaje? Bado mmemzuia?

Mtu wa Isongole
Nilikuwa naomba msiniulize hilo.

Bado amezuiwa. Miezi sita tuliyompa haijaisha. Mimi naendelea kushiriki na yeye anakaa benchi la nyuma, na wizi wangu wanaoujua ni yule mama, mke wangu na nyie. Magunia nimeacha kuyavimbisha, madalali wenzangu wananicheka, hilo silo gumu. Gumu ni kwamba baraza linakaa Alhamisi. Nimemwomba mwenyekiti nafasi ya kwanza kwenye ajenda, akaniuliza ni habari ya nini, nikamwambia ni habari ya viazi.

Mama Tukuyu
Alhamisi saa ngapi, tukuombee.

Mtu wa Isongole
Saa tisa alasiri.

Msafiri wa Tunduma
Na mimi nitaomba. Useme debe zote, mkuu.