Tuinue vipi Biashara Street, Mombasa?

MuuzaLeso: Assalam aleikum wenzangu. Nauza leso Biashara Street, duka la marehemu mama. Juzi mteja alikuja na bibi yake mwenye mkongojo. Pa kupita hapakuwa: pikipiki zimepangwa hadi mlangoni, na mtaro umeziba unanuka. Wakarudi bila hata doti moja. Iliniuma. Mtaa huu ndio wa leso, wa Mali ya Abdulla, wauza leso walioanza 1887. Tufanyeje?

FundiSimu: Pole dada. Mimi niko Luthuli Avenue, Nairobi. 2019 kaunti na UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, waliifanya barabara ya magari kupita upande mmoja tu, wakapanua njia za miguu. Tulilia kwamba wenye magari watatukimbia. Kumbe apitaye kwa miguu ndiye husimama, akaangalia, akauliza bei.

BintiMvita: Lakini msingoje kaunti. Kwetu maduka tisa tulichanga shilingi 100 kila Jumamosi: mtaro ukazibuliwa, taa zikawekwa. Asiyetoa pesa hutoa fagio.

MuuzaLeso: Ahsanteni sana. Kesho baada ya alasiri napita duka kwa duka na daftari. Vijana wa pikipiki nitawaita wa kwanza, maana nao riziki yao ni papa hapa.